Geji ya oili ya Fuso: mchana iko sawa, usiku inashuka hadi sifuri. Nifungue injini au nifungue waya?

Gunia_la_Chumvi · Jumapili, saa 3:40 usiku

Salaam aleikum, wazima humu? Nina jambo linaninyima usingizi, na usingizi wenyewe ni huu wa kuiba kwenye kabini.

Nina Fuso, injini 6D16, volti 24, niliinunua mkononi mwa mtu miaka mitatu iliyopita. Kazi yake ni chumvi. Napakia Gongoni au Marereni, nashusha Mombasa, narudi Malindi. Aliyekuwa nayo kabla yangu alifunga geji ya presha ya oili pembeni mwa usukani, ya duara, ya umeme, inasoma bar 0 hadi 10. Imenitumikia vizuri hadi mwezi uliopita.

Mchana hakuna neno. Injini ikishapata moto mshale unakaa kwenye 4 nikiwa barabarani, na nikisimama bila kukanyaga mafuta unarudi karibu na 2. Jua likizama ndio shida inaanza. Wiki iliyopita narudi mtupu kutoka Mombasa, niko ndani ya msitu wa Arabuko, sijafika Gede, mshale ukaanza kulegea: 3, 2, 1, ukagusa sifuri. Kibaya zaidi mshale wa joto nao ukapanda kidogo. Nikaweka kando, nikazima kila kitu, nikashuka na tochi. Tanboi wangu, yaani utingo, akaanza kusoma dua. Kijiti cha oili: oili ipo, rangi yake ya kawaida, haijawa nyeupe. Maji yapo. Nikawasha injini, mshale ukapanda vizuri hadi 3 na ushei. Nikawasha taa, nikaondoka, sijamaliza mita mia mbili ukaanguka tena.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haijawaka hata siku moja. Mlio wa injini ni ule ule.

Fundi wa kwanza ameniambia pampu ya oili imekufa. Wa pili anasema beringi za krenki zimelika, nifanye ovaholi. Wa tatu akasema ni sensa, akaniuzia mpya juzi na akaifunga mwenyewe. Sasa imekuwa kichekesho: injini imezimwa, nikifungua swichi tu mshale unaruka hadi 10. Nikiwasha injini unashuka. Nikikanyaga mafuta unashuka zaidi!

Naomba msaada kabla sijauza mbuzi wa mama.

---

Kibao_Kata · saa 3:52 usiku

Gede? Usiku? Kaka hiyo si oili, ni wenyewe wa magofuni, majini, wamekalia mshale. Washushie soda mbili na ubani.

---

Daktari_wa_Pistoni · saa 4:05 usiku

Mimi nitasema ukweli hata kama hutaupenda. Presha inashuka injini ikiwa moto, joto linapanda pamoja nayo: hizo ni beringi. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita kwenye nafasi zilizolika, presha inakimbia. Nimefungua 6D16 si haba. Acha kuendesha, fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, angalia beringi. Ukichelewa krenki italika na bloku utaitupa.

---

Bi_Lori_Mambrui · saa 4:11 usiku

Daktari, mbona mchana presha haikimbii? Mchana wa Malindi ndio wenye moto, si usiku.

---

Daktari_wa_Pistoni · saa 4:13 usiku

Dada, usiku anakuwa ameshaendesha siku nzima.

---

Bi_Lori_Mambrui · saa 4:16 usiku

Hata akitoka Marereni alfajiri na kufika Mombasa saa nne za asubuhi ameshaendesha. Mimi si fundi, nina Canter mbili tu na madereva waongo, lakini mtu akiniambia kitu kinaharibika usiku peke yake namuuliza kwanza usiku anafanya nini ambacho mchana hafanyi.

---

Mzee_wa_Spana · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimeamka kuswali nikaona uzi huu. Bi Lori ameshika penyewe.

Mwanangu Gunia, kabla ya kufungua hata nati moja nijibu maswali manne. Ukiwa pale Gede ulizima taa kubwa ulipokagua, halafu ukaziwasha ulipoondoka, sivyo? Mshale ukianguka, ukizima taa unarudi? Asubuhi stata inavuta kwa nguvu au kwa uvivu? Na la nne ndilo kubwa kuliko yote: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, ile taa nyekundu ya oili inawaka?

Usinijibu kwa kukumbuka. Nenda kwenye lori uangalie.

---

Gunia_la_Chumvi · saa 2:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimeenda.

Taa ni kweli, nilizizima, betri isife. Sikuwahi kuliunganisha hilo. Stata inavuta kivivu tangu kama mwezi hivi, nilidhani ni betri.

Na hilo la nne, mzee, limenitoa jasho. Nimefungua swichi: taa ya betri imewaka, taa ya hendibreki imewaka, ya oili haikuwaka. Nimechomoa kidude cha dashibodi, balbu yake haipo kabisa. Kuna tundu tu. Miaka mitatu najisifu kwamba taa haijawahi kuwaka.

---

Mzee_wa_Spana · saa 2:31 asubuhi

Marahaba. Basi ulikuwa na mashahidi wawili, mmoja muongo na mwingine maiti.

Daktari wa Pistoni usinune. Hujakosea kuogopa. Kwa sasa hakuna mtu humu, mimi nikiwemo, anayejua presha ya injini hiyo ni ngapi. Geji ya umeme haipimi oili, inapima umeme unaopita kwenye sensa. Kati ya oili na mshale kuna sensa, waya, athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), na geji yenyewe, na vyote hivyo vimeogeshwa chumvi. Kwa hiyo lisitoke na mzigo hadi presha ipimwe kwa geji ya mpira, ile ya kimakanika, oili inafika yenyewe hadi kwenye mshale bila umeme kuingilia. Ndiyo dawa ya ubishi wote huu, na kwa fundi mwenye vifaa vyake haifiki hata nusu saa.

Weka balbu leo leo. Ile taa ina swichi yake kwenye bloku, haihusiani na geji yako. Kwa kawaida inafunga saketi presha ikishuka chini ya nusu bar hivi. Maana yake ikiwaka ukiwa unatembea umeshachelewa, lakini afadhali mlinzi anayepiga kelele mwizi akiwa mlangoni kuliko asiyekuwepo.

---

Waya_Mbili · saa 3:15 asubuhi

Hapa ndipo penye kazi yangu. Mimi ni fundi wa waya, Kilifi.

Kaka Gunia, tuanze na kichekesho cha sensa mpya kwa sababu hicho ni chepesi. Sensa za presha ya oili zipo za koo mbili. Kuna ukoo wa VDO, chapa ya Kijerumani, ambao presha ikiwa sifuri ukinzani wake (jinsi inavyozuia umeme) ni kama omu 10, na presha ikijaa unafika karibu omu 180. Kuna ukoo wa Kimarekani, ambao ni kinyume: sifuri ni omu 240, ikijaa inashuka hadi 33. Kwa macho unaweza usizitofautishe. Ukifunga ya Kimarekani kwenye geji ya VDO, geji inasoma kinyume: injini imezimwa mshale uko mwisho, ukikanyaga mafuta unashuka. Ndiyo hadithi yako neno kwa neno.

Thibitisha hivi. Chomoa waya wa sensa, fungua swichi, injini usiwashe. Waya ukining'inia peke yake bila kugusa chuma, mshale uko wapi? Halafu uguse kwenye chuma safi cha injini, sekunde moja au mbili tu, usiuache hapo, maana geji nyingine za zamani za Kijapani zina waya wa joto ndani na zinaungua ukizilaza kwenye athi. Ukiwa na wasiwasi pitisha katikati balbu ndogo. Kisha chukua mita, weka kwenye omu, pima kati ya kichwa cha sensa na mwili wake. Ile ya zamani hukuitupa, natumai?

---

Nahodha_Matondoni · saa 3:40 asubuhi

Sisi huku Amu tunawaonea huruma. Punda hana geji ya oili, na akichoka anakwambia kwa mdomo wake.

Lakini nina mashua ya injini ya dizeli na maji ya chumvi ndiyo barabara yangu, kwa hiyo nawasikiliza. Yangu ni geji ya kimakanika, kijibomba chembamba cha shaba kutoka kwenye injini. Haijui umeme ni nini. Ubaya wake mmoja: kijibomba kikisuguliwa na mtetemo kikatoboka, unapata oili ya moto usoni, na ikirukia ekzosi ni moto. Aliyefunga cha plastiki namwombea dua.

---

Gunia_la_Chumvi · saa 7:10 mchana

Waya Mbili, nimefanya kama ulivyosema, mita nimeazima kwa jirani anayetengeneza redio.

Waya ukining'inia: mshale 10. Nikiugusisha injini: sifuri. Sensa mpya, injini imezimwa: 238. Ya zamani ilikuwa kwenye sanduku la spana, nimeifuta, nimepima: 11.

Jambo jingine. Nilipofungua hii mpya nimekuta imezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, tepu nyingi kama bandeji. Na ilitoka kwa shida, inakwaruza. Ya zamani niliirudisha kwa vidole hadi karibu na mwisho.

---

Waya_Mbili · saa 7:22 mchana

Ndiyo hiyo. 11 ni VDO na ni nzima, angalau kwenye sifuri. Geji yako pia ni nzima: wazi inajaa, athi inakuwa sifuri, tabia sahihi ya ukoo wake. Umeuziwa sensa ya ukoo mwingine, basi. Sensa ya zamani haikuwa na kosa, ilisingiziwa.

Tepu hiyo itoe yote. Sensa ya waya mmoja inapata athi kupitia hesi zake, yale meno ya kufungia. Ukiivalisha tepu kama maiti unaikata na injini, na geji inaanza kusoma ndoto. Kama lazima uweke kitu, tone la gundi ya hesi, na uache hesi za mbele mbili tatu wazi.

---

Mzee_wa_Spana · saa 8:00 mchana

Na hilo la kukwaruza lisipite hivi hivi. Injini za Kijapani hesi ya shimo la presha, ile ndogo ya inchi moja ya nane, ina meno 28 kwa inchi. Ya Kimarekani ina 27. Zinaingia pamoja mizunguko miwili mitatu halafu zinaumana. Mwenye haraka anaongeza tepu na spana ndefu, shimo linaharibika au sensa inakatikia ndani. Mulika na tochi uone meno ya shimo. Ukiona vipande vyeupe vya tepu vitoe kwa sindano, usivisukume ndani, huko ndiko njia ya oili.

---

Gunia_la_Chumvi · saa 9:30 alasiri

Meno yako sawa, Mungu mkubwa. Nimetoa vipande viwili. Sensa ya zamani imerudi bila tepu. Mshale umekaa sifuri injini ikiwa imezimwa, nikiwasha unapanda. Nimewasha taa kubwa nikiwa nimesimama uani: kutoka 3 hadi 1 na nusu. Nimezima taa: 3. Nimewasha taa na feni: 1. Mshale wa joto unapanda upana wa ukucha. Mke wangu ametoka kuniangalia, anadhani nachezea taa kama mtoto.

---

Daktari_wa_Pistoni · saa 9:41 alasiri

Haya, taa haziwezi kula beringi. Nimerudi nyuma hatua moja. Lakini bado nasema pima presha ya kweli.

---

Waya_Mbili · saa 10:05 jioni

Daktari karibu upande huu, kuna kivuli.

Sasa nieleze kinachotokea, kwa sababu mshale wa joto kupanda pamoja na wa oili kushuka ndio uliomtisha kaka, na ndio unaonipa mimi jibu. Altaneta, ile inayozalisha umeme, imekaa kwenye injini. Umeme wake unatoka, unalisha taa, halafu lazima urudi kwenye injini kupitia chesisi. Njia ya kurudia ni ule mkanda wa athi kati ya chesisi na injini. Mkanda ukiwa umeoza, umeme unarudi kwa kusukumana, na volti ya chuma cha injini inakuwa chini ya ile ya chesisi kwa sehemu ya volti moja. Sensa zote mbili zimesimama kwenye injini, geji zimesimama kwenye chesisi. Geji inaona kama ukinzani wa sensa umepungua. Kwa sensa yako ya oili ukinzani mdogo maana yake presha ndogo. Kwa sensa ya joto ukinzani mdogo maana yake joto kubwa. Kosa moja linasema uongo mara mbili, na uongo wenyewe unafanana kabisa na injini inayokufa.

Mchana huwashi taa, altaneta haifanyi kazi kubwa, uongo ni mdogo hauuoni. Na stata ya kivivu ni mkanda ule ule, stata nayo inapitia hapo.

Pima: mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku. Injini inawaka, taa zote zimewashwa. Njia nzuri haizidi volti 0.1 au 0.2.

---

Gunia_la_Chumvi · saa 11:20 jioni

0.94.

---

Waya_Mbili · saa 11:21 jioni

Hahaha. Lala chini ya lori.

---

Hindi_Express · Jumanne, saa 2:40 usiku

Nasoma tu tangu jana, nimeona nitie neno, maana kila mtu sasa anafurahi kwamba ni geji tu. Jambo hili limenigharimu injini.

Miaka ile ya kusafiri kwa msafara wa polisi barabara ya Lamu, nilikuwa na lori la zamani napeleka bidhaa za maduka kutoka Malindi hadi Mokowe. Geji yangu ya oili ilikuwa na ugonjwa kama wa Gunia. Ilikuwa ikicheza: leo sifuri, kesho katikati. Mara ya kwanza niliogopa, nikasimama, nikakagua. Mara ya tano sikusimama. Mara ya kumi nikabandika stika ya timu juu yake nisiione. Wallahi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba pampu ya dizeli ilikuwa imeanza kuvujisha dizeli ndani kwa ndani. Ile pampu ya mstari inalainishwa na oili ya injini, ikilika dizeli inashukia kwenye sampu. Nilikuwa napima oili kila asubuhi, naiona haipungui, nafurahi. Ikaanza kuzidi alama ya juu. Ikizidi! Nikasema lori hili limebarikiwa, haliombi oili. Tanboi aliniambia inanuka dizeli, nikamwambia wewe mwenyewe ndiye unayenuka dizeli.

Tumepita Gamba, hatujafika Witu, ikaanza kugonga. Ndani ya kilomita mbili ikanoki, ikashika. Msafara hausubiri mtu. Walituachia askari wawili na tukalala hapo, na mzigo, na mbu wa Tana wasiojua hali ya mtu. Fundi alipofungua, oili ilimwagika kama chai. Beringi zimebaki karatasi.

Siku ya mwisho nilibandua ile stika nikaangalia. Mshale ulikuwa sifuri. Siku hiyo haukuwa unadanganya.

---

Bi_Lori_Mambrui · saa 2:58 usiku

Pole sana kaka. Na tanboi ulimwomba radhi?

---

Hindi_Express · saa 3:01 usiku

Sasa ana lori lake. Mimi ndiye ninayemwomba kazi wakati mwingine.

---

Mzee_wa_Spana · saa 3:20 usiku

Hindi, pole. Umemaliza ubishi kuliko mimi.

Gunia, ukipima oili kesho chukua tone kwenye kidole, linuse na ulisugue. Iliyochanganyika na dizeli inateleza kama maji na harufu haijifichi. Kisha nenda ukapime presha kwa geji ya mpira hata kama umeshapata mkanda. Weka kiungo cha T kwenye shimo la sensa ili zote mbili zisome kwa pamoja. Ipate moto kwanza, izungushe hadi Sabaki na kurudi. Presha ya injini baridi haina habari, kila injini baridi ni shujaa.

Namba za kukumbuka: kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Pasipo kitabu, mafundi wa zamani tunahesabu bar 0.7 hivi kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, na injini ya moto bila kukanyaga mafuta nikiona chini ya bar moja naanza kuuliza maswali. Oili unatumia gani?

---

Gunia_la_Chumvi · saa 3:34 usiku

15W-40, mzee, na filta nabadilisha kila ninapobadilisha oili.

---

Kibao_Kata · saa 3:36 usiku

Nimefuta mzaha wangu wa magofu. Halafu nimeurudisha. Endeleeni.

---

Gunia_la_Chumvi · Jumatano, saa 11:50 jioni

Nimerudi na majibu. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nimejifunza kitu na nimechafuka sana.

Oili nimeinusa: haina dizeli. Nikaenda kwa fundi mmoja hapa Malindi mwenye geji ya mpira, tukaweka T kama Mzee alivyosema. Tumeenda hadi darajani Sabaki na kurudi, injini imeiva. Tumesimama, geji ya mpira nimeishika mkononi dirishani, ya umeme iko mbele yangu.

Bila kukanyaga mafuta, taa zimezimwa: ya mpira 1.8, ya umeme 1.5 hivi. Kwenye mizunguko 2000: ya mpira 4.4, ya umeme 4. Fundi akawasha taa kubwa, feni, na waipa kwa kuongezea. Ya umeme ikaanguka hadi 1. Ya mpira haikutikisika hata kidogo, 4.4, imetulia kama mzee anayesikiliza watoto wakigombana. Daktari wa Pistoni, beringi zangu zinakusalimu.

Mkanda wa athi sasa. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, ndiyo maana wote watatu hawakuushuku, na mimi pia. Bolti imekaza, hailegei. Nilipoikata ile ganda jeusi la mwishoni, ndani hakuna shaba, kuna unga wa kijani. Zimebaki nyuzi kama nane za kuhesabu. Pale unapofungwa kwenye chesisi, chini ya washa kulikuwa na kutu nene kama chapati. Miaka yote nimekuwa naosha bodi, nafuta vioo, chini sikuwahi kupiga maji matamu hata siku moja. Na pale Gongoni, nikipakia, yale maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye mzigo mbichi moja kwa moja hadi juu ya chesisi.

Nimeweka mkanda mpya mnene, nimesugua chuma hadi king'ae, nimefunga, halafu grisi juu. Mita: 0.05 taa zote zikiwa zimewaka. Stata inavuta kama ya jana dukani. Balbu nimeweka, ukifungua swichi inawaka, ukiwasha injini inazima.

---

Mzee_wa_Spana · saa 12:15 jioni

Kazi nzuri, mwanangu. Grisi umeipaka baada ya kukaza, sivyo? Sio kati ya chuma na chuma.

---

Gunia_la_Chumvi · saa 12:18 jioni

Baada ya kukaza.

---

Nahodha_Matondoni · saa 12:40 jioni

Huku kila mwezi tunafungua vichwa vya betri na athi, tunasugua, tunafunga, tunapaka vaselini. Ukibeba chumvi wewe ni baharia hata kama hujui kuogelea. Fanya hivyo hivyo. Na maji matamu chini ya gari kila ukishusha.

---

Daktari_wa_Pistoni · saa 1:05 usiku

Nimekubali. Ila mtu mwingine asije akasoma uzi huu akasema "ni waya tu" bila kupima. Kati ya wanaokuja kwangu na presha ya chini, wapo wenye geji mbovu, na wapo ambao chujio la ndani ya sampu limeziba, na wapo wenye valvu ya kupunguzia presha iliyokwama wazi. Na wapo akina Hindi.

---

Hindi_Express · saa 1:07 usiku

Nipo, nawasikia.

---

Bi_Lori_Mambrui · saa 1:30 usiku

Nimetuma madereva wangu wawili wafungue swichi na kunipigia picha ya dashibodi kabla ya kuwasha. Mmoja taa ya oili inawaka. Wa pili ametuma picha ya dashibodi injini ikiwa imeshawaka, anasema "mama angalia, haina taa yoyote." Kesho asubuhi naenda mwenyewe.

Gunia, yule aliyekuuzia sensa amekurudishia pesa?

---

Gunia_la_Chumvi · saa 1:44 usiku

Anasema sensa ikishafungwa hairudi. Nimeiweka kwenye sanduku. Nikipata mtu mwenye geji ya Kimarekani na meno 27 nitamuuzia kwa bei ya mbuzi.

---

Kibao_Kata · saa 1:46 usiku

Kwa hiyo mbuzi wa mama amepona?

---

Gunia_la_Chumvi · Alhamisi, saa 5:10 usiku

Amepona, anakula miche ya jirani.

Nimeshusha Mombasa, nimerudi leo usiku, taa kubwa tangu Mtwapa. Msituni hadi Gede mshale ulikuwa kwenye 4, wa joto haukusogea. Nikamwonyesha tanboi. Akaangalia, akasema sawa, akaendelea na dua yake.